Tisa Desemba ina nini hasa? Namjibu mama wa Moshi na homuweki ya mwanae

Kuna mama mmoja yuko Soweto pale Moshi kaniandikia, nafupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita kazaliwa tarehe 9 Desemba. Wamepewa homuweki kila mtoto aandike mambo makubwa yaliyotokea duniani tarehe aliyozaliwa. Tumetafuta kwenye simu tumekuta mengi mpaka tumechanganyikiwa, mengine yanapingana, wengine wanasema Mwenge uliwashwa mlimani tarehe 8 wengine 9. Afu bibi yake wa Old Moshi anasema ule moto aliuona kwa macho yake. Hii siku ina nini mbona mambo yamejaa hivi? Na ya bibi tuandike au tuache?"

Marahaba mama, na samahani kwa kuchelewa, natumaini madaftari bado hayajakusanywa.

Nianze na hilo la siku ina nini. Haina kitu mama. Chukua tarehe yoyote kwenye kalenda, hata ile unayoiona imepoa kabisa, ukiichimba utakuta vita, utakuta mfalme kafa, utakuta mtu kagundua kitu, manake siku zenyewe ni 365 tu na binadamu anaandika mambo yake toka enzi na enzi, lazima zijazane. Mimi wingi haunisumbui, kinachonisumbua kwenye zile orodha za kwenye simu ni kwamba wanatia kwenye kapu moja mambo ya aina mbili, yale yaliyoangukia siku hiyo yenyewe tu, na yale ambayo watu wazima walikaa mezani wakaichagua siku. Na hii tisa Desemba yetu ni ya kuchaguliwa, tena ilibadilishwa.

Iko hivi. Machi 1961 ulikaa mkutano wa katiba pale Karimjee, Dar es Salaam, Waingereza na kina Nyerere, wakakubaliana Tanganyika ipate uhuru tarehe 28 Desemba 1961. Ishirini na nane! Baadae ndo ikawahishwa ikaletwa tarehe 9. Ingebaki pale pale leo tungekuwa tunaunganisha Krismasi na Uhuru na mwaka mpya kwa mpigo mmoja, na nyie watu wa Moshi mnaopanda nyumbani kila Desemba sijui mngerudi kazini lini. Kwa hiyo mtoto akiandika "nchi yetu ilipata uhuru siku niliyozaliwa" ni kweli kabisa, ila ajue kwamba siku ile ingeweza kuwa nyingine na uhuru ungekuwa ule ule.

Mwaka uliofuata wakairudia tarehe kwa makusudi. Hapa wengi hawajui, hata watu wazima nikiwauliza wananiangalia tu: toka 9 Desemba 1961 mpaka Desemba 1962 mkuu wa nchi ya Tanganyika alikuwa bado ni Malkia Elizabeth, sisi tulikuwa na waziri mkuu, kwanza Nyerere halafu Januari 1962 akajiuzulu akashika Kawawa. Tarehe 9 Desemba 1962 ndo tukawa Jamhuri na Nyerere akaapishwa rais. Tarehe ile ile, mwaka mmoja kamili, na hamna bahati nasibu hapo. Kenya wakafanya hivyo hivyo na 12 Desemba yao, uhuru 1963 jamhuri 1964. Uganda uhuru 9 Oktoba 1962, afu 9 Oktoba 1963 Kabaka akawa rais. Ukishaujua mchezo huu unauona kila mahali, serikali zinapenda kuweka jambo jipya juu ya tarehe ambayo watu tayari wanaishangilia, inaokoa hata hela za sherehe.

Na sisi wa Arusha tunao mfano wetu mzuri kuliko huo, ngoja nitoke nje ya mada kidogo. Azimio la Arusha kila mtu anakwambia 5 Februari 1967. Sasa njoo hapa Kaloleni kwenye makumbusho ya Azimio, uulize Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa lini Arusha, utaambiwa kikao kilikuwa mwishoni mwa Januari na Azimio likapitishwa tarehe 29 Januari. Tarehe 5 Februari ndo lilitangazwa, tena Dar es Salaam. Yaani tarehe tunayoisherehekea kwa jina la Arusha jambo lenyewe lilikuwa Dar, na tarehe liliyokuwa Arusha hamna anayeikumbuka, mimi hili huwa linanichekesha kila mwaka. Na kesho yake tarehe 6, Jumatatu, ndo benki zikataifishwa, kwa hiyo aliyekuwa na akaunti pengine angekwambia siku kubwa kwake ni hiyo ya sita. Sasa angalia, Afro-Shirazi ilizaliwa 5 Februari 1957, Azimio 5 Februari 1967, CCM 5 Februari 1977. Hamsini na saba, sitini na saba, sabini na saba. Ya 1977 hiyo wala usijiulize mara mbili, ilipangwa.

Haya turudi kwa mtoto. Ubishi wa tarehe 8 au 9. Wote wako sahihi kwa namna yao, sherehe ilikuwa usiku. Saa sita usiku pale uwanjani Dar bendera ya Uingereza ikashuka ya Tanganyika ikapanda, na kule juu Kibo, kwenye Mlima Kilimanjaro, Luteni Alexander Nyirenda akasimika bendera na mwenge kileleni, mita 5,895, kilele ambacho Wajerumani walikipa jina la Kaiser wao na toka hapo sisi tunakiita Uhuru. Watu walikusanyika ikiwa tarehe 8 jioni, wakarudi majumbani ikiwa tarehe 9. Aliyekuwa London wakati huo saa yake ilikuwa inasoma saa tatu usiku ya tarehe 8, Ijumaa. Mwambie mtoto aandike "usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961", Kiswahili kina msemo safi kabisa kwa kazi hiyo, lugha nyingine zinahangaika hapo sisi tumeshamaliza. Na Kiswahili cha zamani, hasa huko pwani, siku inaanza jua linapozama, ndo maana mzee wa Tanga akikwambia usiku wa Jumamosi anaweza kuwa anasema ule wa kuamkia Jumamosi, ambao kijana wa leo anauita Ijumaa usiku. Tisa Desemba 1961 ilikuwa Jumamosi. Kwa hesabu ya huyo mzee wala hakuna cha kubishania.

Kitu kingine, wazo la mwenge halikuzaliwa usiku huo. Nyerere alilisema Oktoba 1959 kwenye Baraza la Kutunga Sheria, kwamba tunataka kuwasha mwenge tuuweke juu ya Kilimanjaro umulike mpaka nje ya mipaka yetu. Miaka miwili kabla. Ilikuwa maneno tu, afu mtu akapanda nao kweli.

Na tafadhali sana asiandike "uhuru wa Tanzania". Naona hata kwenye mabango wanakosea. Ni Tanganyika. Zanzibar walipata uhuru wao 10 Desemba 1963, ikaja Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili, na jina lenyewe Tanzania likaja kutangazwa Oktoba mwaka huo. Mwalimu makini atamkata maksi hapo na atakuwa na haki.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mimi ndo naona lingekuwa la kwanza kwenye daftari la mtoto wa Moshi au wa Arusha baada ya Uhuru, na kwenye orodha za simu huwa wameliweka mstari mmoja katikati ya vita na waigizaji wa sinema. Tarehe 9 Desemba 1948, Paris, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Kesho yake tarehe 10 wakapitisha lile Tamko la Haki za Binadamu ambalo ndo maarufu, na huu mkataba ukabaki kivulini. Ukaanza kufanya kazi 12 Januari 1951 (tarehe ya Mapinduzi ya Zanzibar hiyo, na hapa ni bahati tupu, usitafute mkono wa mtu). Halafu ukakaa. Miaka inapita, watu wanauawa sehemu mbalimbali, na hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Hata moja. Mpaka tarehe 2 Septemba 1998, na mahali penyewe ni hapa hapa Arusha, jengo la mikutano la AICC, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya Rwanda, Jean-Paul Akayesu aliyekuwa meya wa Taba kule Rwanda akasomewa hukumu. Siku mbili baadae Jean Kambanda aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda akapigwa kifungo cha maisha.

Mimi miaka hiyo nafundisha, nilipeleka wanafunzi wangu pale mara kadhaa, mnakaa nyuma ya kioo mnavaa zile hedifoni, unachagua lugha, kule ndani mtu anaeleza kwa Kinyarwanda mambo ambayo hutamani mtoto ayasikie. Wanafunzi waliingia wanacheka kwa sababu ya hedifoni, walitoka kimya mpaka stendi. Mjini watu walikuwa wanaongea zaidi habari za kodi za nyumba kupanda na magari meupe ya UN, na sishangai, ndo maisha. Lakini kutoka karatasi iliyopigiwa kura Paris tarehe 9 Desemba mpaka mtu kusomewa hukumu kwenye jengo ambalo daladala zinapita karibu yake ni miaka karibu hamsini, na sisi tulikuwa jirani. Mtoto aandike hilo hata kama mwalimu wao hakulitegemea. Kwa umri wake asiende ndani sana, atosheke na mkataba, mahakama, mji.

Na mbona Desemba imejaa mambo ya Umoja wa Mataifa? Hapa kuna sababu ya kawaida kabisa. Baraza Kuu linaanza kikao Septemba na shughuli kubwa zinaisha Desemba, kwa hiyo kura zinarundikana mwishoni kama wanafunzi wanaokusanya kazi dakika za mwisho. Tamko la kutaka ukoloni ukomeshwe lilipita 14 Desemba 1960. Tanganyika iliingizwa uanachama 14 Desemba 1961, siku tano tu baada ya uhuru. Kenya na Zanzibar 16 Desemba 1963. Mtu asiyejua ratiba ya New York atasema mwezi huu una nyota.

Ndui nayo imo, na ni habari ninayoipenda. Tarehe 9 Desemba 1979 tume ya wataalamu ilitia saini kuthibitisha kwamba ndui imekwisha duniani. Ugonjwa mzima, umekwisha! Ila uliza imekwisha lini hasa utapata majibu matatu. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merca, Somalia, Oktoba 1977, na alipona. Wataalamu wakasubiri wakahakikisha, wakasaini Desemba 1979. Halafu mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukatangaza rasmi 8 Mei 1980. Ukiniuliza mimi siku ya kweli ni ile ya Merca, ila siku yenyewe hakuna aliyejua kwamba ndo ya mwisho, ungeijuaje, ndo maana tukabaki na tarehe ya watu wa kalamu. Bibi wa Old Moshi muulizeni na hili, wazee wengi bado wana alama ya chanjo begani, mtoto aishike kwa mkono wake.

Zilizobaki nazipitia haraka. Tarehe 9 Desemba 1824 Ayacucho, milimani Peru, jeshi la wapigania uhuru chini ya jenerali Sucre likawachapa Wahispania na utawala wao Amerika ya Kusini ukavunjika mgongo, vita vilivyopiganwa juu kabisa zaidi ya mita 3,000, nasema hivyo kwa sababu mtoto wa Moshi ataelewa pumzi inavyokata. Mwaka 1917 siku hiyo Jerusalem ilijisalimisha kwa Waingereza, na jenerali wao Allenby akaingia kwa miguu tarehe 11, kwa hiyo hapo napo utakuta vitabu vinagombana tarehe. Mwaka 1992 wanajeshi wa Marekani walitua Mogadishu usiku, wakakuta waandishi wa habari wameshawatangulia ufukweni na mataa ya kamera.

Na mwaka 1968, San Francisco, Douglas Engelbart alisimama mbele ya watu kama dakika tisini akawaonyesha kompyuta inayoendeshwa na kidude kidogo cha mkononi, mausi hiyo hiyo, pamoja na kubofya neno likupeleke sehemu nyingine na watu wawili kuonana kwenye skrini wakiwa mbali. Mwaka 1968! Sisi hapa tuko mwaka mmoja baada ya Azimio. Watoto wa siku hizi hili ndo litawaamsha, la Ayacucho watasinzia.

Ukikuta wameandika mshairi John Milton kazaliwa 9 Desemba 1608, mwambie aliache, au akitaka kujionyesha aliweke na maelezo. Uingereza wakati ule walikuwa bado na kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma siku kumi, kwa kalenda yetu ya leo alizaliwa tarehe 19. Ndo ile ile ya Warusi kuwa na Mapinduzi ya Oktoba yanayosherehekewa Novemba. Uingereza waliirekebisha kalenda 1752, kwa hiyo chochote cha kwao kabla ya hapo ujue tarehe ina mushkeli.

Nimesema tarehe yoyote imejaa, nisije nikaonekana napiga maneno. Chukua 2 Machi. Mwaka 1900 tarehe hiyo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapo hapo Old Moshi kwa bibi yenu, pamoja na wakuu wengine wa Wachaga, wa Wameru na wa Waarusha, jumla watu 19. Mwaka 1956 Moroko ikapata uhuru kutoka Ufaransa. 1969 ndege ya Concorde ikaruka mara ya kwanza. Umeona? Hazina uhusiano hata wa kusingizia. Na Meli hakuchagua tarehe, waliomnyonga ndo walichagua, halafu kwa miaka mingi hakuna kalenda ya ofisi iliyoibeba zaidi ya watu wa kule juu wenyewe kuambiana mtu na mjukuu wake.

Ndo nafika kwa bibi. Mama, iandikeni. Najua wasiwasi wako, kutoka Old Moshi mpaka kileleni ni mbali, mwenge mmoja wa mkononi kwenye ubaridi ule, na Desemba mlima unapenda kujifunika mawingu. Mtu anaweza akasema haiwezekani. Mimi nisingemwambia hivyo bibi wa miaka hiyo, na wala nisingemwambia mtoto aandike "mwenge ulionekana Old Moshi" kama vile ni jambo lililopimwa. Aandike "bibi yangu anasema", na jina la kijiji, na bibi alikuwa na umri gani, alikuwa amesimama wapi, alikuwa na nani, aliona mwanga wa rangi gani, ulikaa muda gani. Inawezekana aliuona mwenge. Inawezekana kulikuwa na mioto mingine watu wamewasha migombani kushangilia, na akili ya mtoto ikaupandisha mmoja mpaka kileleni. Zote mbili ni historia ya usiku ule na ya pili wala sio ndogo. Kwenye orodha zote za simu mlizopitia hakuna hata moja yenye bibi ndani.

Ila msimuulize ilikuwa tarehe ngapi, atawajibu tarehe 9 kwa sababu redio imemwambia hivyo miaka yote. Muulizeni kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya soko au hapana, na kama ilikuwa, nani alienda. Wazee wa kule wanasahau tarehe lakini soko hawasahau. Jumamosi ile mkishaijua soko lake mtakuwa mmemrudisha kwenye usiku wenyewe, na nina hakika kuna mengine yatatoka. Mkiyapata niandikieni, hata kama homuweki imeshasahihishwa.